Watengenezaji wa Darubini wa Springfield: Elimu Iliyopitia Mikononi



Mbingu haina mwenyewe. Hakuna serikali iliyoipimia viwanja, wala tajiri aliyeizungushia ua. Mkulima wa pwani ya Afrika Mashariki aliitazama kabla ya kuwapo kalenda ya ukutani, akalipa kundi moja la nyota jina la Kilimia kwa kuwa lilimhimiza kushika jembe. Na baharia wa jahazi aliitazama usiku ili ajue nyumbani kwake ni upande gani. Elimu hiyo haikuwa na ada. Iliokotwa kwa macho na kurithishwa kwa mdomo.

Lakini jicho la mtu lina kikomo. Anayetaka kuziona pete za Zohali, au miezi inayoizunguka Mshtarii, au mavumbi na mianga ambamo nyota huzaliwa, hana budi kuwa na darubini. Na darubini ina bei. Hapo ndipo mbingu isiyo na mwenyewe inapoanza kuwa na wenyewe: wale wawezao kununua chombo na wale waliosoma hata wakapewa funguo za vituo vikubwa vya falaki. Aliyebaki hutazama picha katika vitabu.

Je, ni lazima iwe hivyo? Swali hilo lilijibiwa kwa vitendo, wala si kwa hotuba, na mafundi wa mji mmoja mdogo wa Marekani miaka zaidi ya 100 iliyopita. Klabu yao ya falaki ya ridhaa, yaani ya watu wasioifanya kazi hiyo kwa mshahara, ipo mpaka leo. Habari zake zinastahili kusikilizwa na kila mwalimu aliyewahi kusema kwamba somo fulani haliwezi kufundishwa kwa sababu vifaa havijaletwa.

MJI WA VYUMA

Mji huo ni Springfield, katika jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Umekaa bondeni kando ya mto uitwao Black River, katika nchi ya vilima, misitu na baridi kali. Mwaka 1888 kampuni ya Jones & Lamson ilihamia hapo kutoka mji wa Windsor, na mwaka uliofuata ikamwajiri fundi aitwaye James Hartness. Kazi ya kampuni hiyo haikuwa kutengeneza sufuria wala majembe. Ilitengeneza mashine za kutengenezea mashine nyingine, hasa zile za kukerezea chuma. Baadaye ikazaliwa kampuni ya Fellows, iliyounda mashine za kuchonga meno ya gia. Kwa hiyo Springfield ukawa mji wa watu ambao kula yao na kulala kwao kulitegemea usahihi wa vipimo. Kijana aliyekua hapo alijua mapema kwamba chuma kilichozidi kwa upana wa unywele kimeharibika.

Hartness alipanda cheo mpaka akawa mkuu wa kampuni, na kati ya mwaka 1921 na 1923 alikuwa Gavana wa Vermont. Alikuwa mvumbuzi hodari na mpenzi wa nyota. Mwaka 1910 alijijengea darubini nyumbani kwake, ndani ya kibanda cha mviringo kinachozunguka, ili mtazamaji akae ndani penye joto huku theluji ikianguka nje. Ilikuwa kazi ya ufundi wa hali ya juu.

Hata hivyo jambo moja halina budi kuangaliwa kwa makini. Darubini hiyo ilisimama katika mji uliojaa mafundi stadi kwa muda wa miaka 10, na katika miaka hiyo haikuzaa klabu. Wafanyakazi walijua ipo. Lakini kujua kwamba chombo kipo kwa mkuu wa kiwanda ni jambo moja, na kujua kwamba chombo hicho kinaweza kutoka katika mikono yako mwenyewe ni jambo jingine kabisa. Kilichokosekana Springfield hakikuwa darubini, wala ufundi. Alikosekana mwalimu.

MWALIMU ANARUDI NYUMBANI

Mwalimu huyo aliitwa Russell Williams Porter. Alizaliwa mjini hapo hapo Springfield tarehe 13 Desemba, 1871. Alisomea usanifu wa majengo katika chuo cha ufundi cha Massachusetts, lakini ujana wake aliumalizia katika safari za nchi za barafu za ncha ya kaskazini. Katika msafara mmoja, kati ya mwaka 1903 na 1905, meli yao ilivunjwa na barafu, wakakwama huko katika visiwa vya Franz Josef. Katika safari hizo msanifu alijifunza kupima mahali alipo kwa kutumia nyota, kwa kuwa katika jangwa la barafu hakuna mti, njia wala mlima wa kumwongoza mtu.

Aliporudi alikaa miaka kadhaa katika kijiji cha pwani ya jimbo la Maine, na huko akajifunza mwenyewe kusaga vioo vya darubini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi ya vioo vya kupimia katika idara ya serikali. Mwaka 1919 Hartness alimwita arudi Springfield. Katika kiwanda wawili hao waliunda chombo kinachokuza kivuli cha parafujo na kukitupa juu ya ubao, ili kasoro ndogo za meno yake zionekane kwa macho. Kwa njia hiyo elimu ya mwanga iliingia kiwandani.

Lakini mchango mkubwa wa Porter ulifanyika baada ya saa za kazi. Mwezi Agosti, 1920, alifungua darasa la kutengeneza darubini. Waliojiandikisha walikuwa wanaume 15 na mwanamke 1, wengi wao wafanyakazi wa Jones & Lamson. Hawakuwa wanafalaki. Walikuwa watu ambao mchana kutwa wamesimama mbele ya mashine, na jioni, badala ya kwenda kupumzika, walikwenda kusugua kioo.

KAZI YA KIOO

Yafaa kueleza kazi hiyo ilivyo, maana ndani yake mna siri ya jambo zima.

Darubini ya lenzi ni ghali kwa sababu lenzi kubwa iliyo safi huundwa kwa vipande viwili vya kioo, navyo vina nyuso nne, kila uso ukitaka kusagwa kwa usahihi. Lakini tangu mwaka 1668 Isaac Newton wa Uingereza alikwisha kuonyesha njia nyingine: kioo kimoja kilichobonyea, kinachokusanya mwanga wa nyota na kuurudisha mahali pamoja. Kioo cha namna hiyo kina uso mmoja tu wa kusagwa. Mtu mmoja mwenye subira aweza kuumaliza.

Mwanafunzi huchukua vipande viwili vya kioo kinene cha duara, aghalabu vyenye upana wa inchi 6, yaani kama sentimita 15. Kimoja hulazwa juu ya pipa au kigogo. Juu yake hunyunyizwa maji na chengachenga ngumu za kusagia, mithili ya zile zilizobandikwa katika karatasi ya msasa. Kioo cha pili huwekwa juu, na kazi huanza: sukuma mbele, vuta nyuma, zungusha kioo kidogo, sogea hatua moja kulizunguka pipa, anza tena. Kwa kuwa cha juu huliwa zaidi katikati, na cha chini huliwa zaidi pembeni, cha juu hubonyea polepole na cha chini huvimba. Hakuna mashine inayoongoza mkono. Vipande viwili vikisuguana pande zote bila upendeleo, umbo pekee linaloweza kuvikutanisha kila mahali ni umbo la sehemu ya tufe. Kanuni ya hesabu ndiyo inayomsimamia fundi.

Katika kioo cha inchi 6 chenye urefu wa kawaida wa darubini, kina cha bonde hilo ni kama milimita 1 tu. Baada ya chengachenga kubwa huja laini, kisha laini zaidi, mpaka kioo kinakuwa na ukungu kama wa maziwa. Halafu huja kung'arisha, kwa sahani ya lami na unga mwekundu wa kutu ya chuma iliyosafishwa. Ukungu huondoka, na kioo huanza kuonyesha sura ya anayekisugua.

Hapo ndipo mtihani wenyewe unapoanza. Uso wa kioo hautakiwi kukosea zaidi ya sehemu ndogo ya wimbi moja la mwanga, na wimbi lenyewe ni takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Fundi wa Jones & Lamson alizoea kuheshimu sehemu ya elfu ya inchi; hapa alitakiwa kuheshimu sehemu za milioni. Kipimo cha namna hiyo kinapatikana kwa vifaa gani vya bei kubwa? Kinapatikana kwa taa, kibati chenye tundu dogo, na wembe. Mfaransa Léon Foucault aligundua katika karne ya 19 kwamba mtu akitazama mwanga wa tundu hilo unaorudishwa na kioo, huku akiukata polepole kwa makali ya wembe, kasoro za uso hujitokeza kama vilima na mabonde yaliyopigwa na jua la jioni. Kilima ambacho kidole hakiwezi kukigusa kikahisi, jicho hukiona. Kisha mwanafunzi hurudi kwenye pipa lake kukiondoa kwa misukumo michache, naye hujifunza kuacha kwa wakati, kwani anayezidisha huchimba shimo palipokuwa na kilima.

Mwisho uso huo hupakwa utando mwembamba wa madini yang'aayo, na katika siku zile ilikuwa fedha. Kioo hufungwa katika bomba, na bomba huwekwa juu ya kigogo kinachogeuka. Chombo hicho cha inchi 6 hukusanya mwanga zaidi ya mara 400 kuliko mboni ya jicho iliyofunguka gizani. Mwaka 1921 Porter aliandika makala katika jarida la falaki kuhusu kazi hii, akaiita darubini ya mtu maskini. Jina hilo halikuwa la kujidharau, bali lilikuwa tangazo.

KLABU NA SHUGHULI ZAKE

Darasa likisha hutawanyika, chama hudumu. Tarehe 7 Desemba, 1923, wale waliokuwa wamesaga vioo pamoja walikutana wakaunda klabu, na Porter akawa Rais wake wa kwanza. Wangeweza kujiita watazamaji wa nyota, au chama cha falaki, kama vyama vingine vilivyojiita. Walichagua jina la Springfield Telescope Makers, yaani Watengenezaji wa Darubini wa Springfield. Jina lilisema wazi nini kinachowaunganisha: si kile wanachokitazama, bali kile wanachokifanya.

Mahali pa kukutania palikuwa kilima kiitwacho Breezy Hill, nje kidogo ya mji, katika ardhi ya Porter. Huko wanachama walijenga jumba lao la mbao, likawa tayari mwaka 1924. Porter alilichora, maana usanifu ulikuwa taaluma yake ya kwanza, na wanachama wakashika nyundo. Jumba hilo lilipakwa rangi ya waridi, na hata leo lina rangi hiyo. Juu ya ukuta wa mbele, chini ya paa, yaliandikwa maneno ya mwanzo wa Zaburi ya 19, inayozungumza habari za mbingu. Wakaliita Stellafane, jina lililoundwa kwa maneno yenye asili ya Kilatini, lenye maana ya hekalu la nyota.

Wako watu wanaodhani kwamba shughuli za klabu ya falaki ni kutazama juu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya shughuli hizo hufanyika chini. Jumba la mbao katika nchi ya theluji hutaka kupakwa rangi na kuzibwa paa. Nyasi za kilimani hukua bila kungoja azimio la kikao. Mtu mmoja lazima awe Katibu, aandike kumbukumbu za mikutano. Mwingine lazima ashike fedha, na mwisho wa mwaka aeleze kila senti ilikokwenda. Lazima apatikane wa kuwapokea wageni, wa kumsaidia mwanachama mpya ambaye kioo chake kimepata mkwaruzo siku ya mwisho, na wa kuzima taa zote, kwani pale kilimani taa moja iliyosahauliwa huharibu usiku wa watu wote. Hiyo ndiyo kazi ya klabu. Haiandikwi katika vitabu vya falaki, lakini bila hiyo hakuna darubini itakayoelekezwa popote.

Mwaka 1930 ilikamilika hapo kilimani darubini ya pili ya aina yake, iliyobuniwa na Porter: kichwa kizito kinachozunguka juu ya kibanda, na mtazamaji ameketi ndani bila kupigwa na baridi. Wazo lilikuwa jamaa ya lile la Hartness la mwaka 1910. Tofauti ilikuwa moja, lakini kubwa. Hii ilikuwa mali ya klabu.

BARUA NA MKUTANO

Habari njema haikai bondeni. Mhariri wa jarida la Scientific American, Albert Ingalls, alizisoma habari za Porter, akasafiri hadi Springfield mwaka 1925 kujionea mwenyewe. Mwezi Novemba mwaka huo akaandika makala kuhusu mafundi hao na jumba lao la kilimani, naye Porter akafuatisha maelezo ya namna ya kufanya kazi yenyewe. Barua zilimiminika kwa mamia kutoka kwa watu waliotaka kujua zaidi. Mwaka 1926 maelezo hayo yalitolewa kuwa kitabu kuhusu utengenezaji wa darubini za ridhaa, na safu ya Ingalls katika jarida hilo iliendelea mpaka miaka ya 1950. Watu ambao hawakuwahi kuiona Vermont walianza kulizunguka pipa katika vyumba vya chini vya nyumba zao, mabandani na jikoni.

Mwezi Julai, 1926, klabu iliwaalika wenziwe kilimani kwa mkutano wa kwanza. Walikuja watu wachache tu. Lakini mkutano huo ulirudiwa mwaka baada ya mwaka, ukasimama wakati wa Vita Kuu ya Pili, ukaanza tena, na baadaye ukawa unakusanya zaidi ya watu 1,000. Hupangwa wakati wa kiangazi, katika siku ambazo mwezi hautatiza giza. Kila aliyetengeneza darubini huileta. Waamuzi hukagua ufundi wa chombo mchana, na usiku hupima vioo kwa nyota zenyewe. Hapo cheo cha mtu mjini hakina sauti. Nyota ikionekana kama nukta safi, kioo ni kizuri; ikiwa na mkia au ukungu, mwenye kioo arudi kwenye pipa, awe fundi au daktari.

HOJA ZA WENYE SHAKA

Ndugu walimu, haitakuwa haki kuisifu klabu hii bila kuzisikiliza hoja zinazoweza kutolewa dhidi yake.

Ya kwanza ni kwamba yote haya yalikuwa fadhila ya mwenye kiwanda. Ndiye aliyemwita Porter. Ndiye aliyemlipa mshahara. Hoja hiyo ina kweli ndani yake, wala haifai kufichwa. Pasingekuwa na kiwanda pasingekuwa na mafundi. Lakini fadhila ingekuwa imetosha, klabu ingezaliwa mwaka 1910. Kiwanda kilitoa mshahara. Darasa na jumba vilitokana na jasho la jioni la watu ambao hakuna aliyewaamuru. Ushahidi mwingine uko mbele kidogo.

Ya pili ni kwamba huu ni mchezo wa watu wenye nafasi, usio na manufaa kwa taifa. Historia imejibu. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Marekani ilihitaji kwa haraka vioo vya pembe vya namna ya pekee vya kutia katika darubini za mizinga, ambavyo pembe yake haikuruhusiwa kukosea ila kwa sekunde chache. Wenye ujuzi huo walikuwa wachache mno. Ingalls na Porter waliwaita wasagaji wa ridhaa, na watu waliokuwa wamejifunza kwa wembe na taa wakafanya kazi ambayo viwanda vingi vilishindwa. Ujuzi uliodhaniwa kuwa ni mchezo ulikuwa akiba ya taifa.

Porter mwenyewe alikuwa ameitwa mapema zaidi. Mwaka 1928 George Ellery Hale alimwita California kusaidia kubuni darubini ya inchi 200, yenye kioo cha upana wa zaidi ya mita 5, iliyokusudiwa kuwekwa katika mlima wa Palomar. Michoro ya Porter iliionyesha mashine hiyo kana kwamba imepasuliwa, kila kiungo mahali pake, na mingi ilichorwa kabla mashine yenyewe haijakuwapo. Ilizinduliwa mwezi Juni, 1948, ikawa kubwa kuliko darubini zote za aina yake duniani mpaka Urusi ya Kisovieti ilipoipita katika miaka ya 1970. Porter aliwahi kuiona imekamilika. Alifariki mwezi Februari, 1949. Mwalimu wa darasa la watu 16 alikuwa na mkono wake katika chombo kikubwa kuliko vyote.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, na ni ya siku hizi. Darubini zinauzwa. Viwanda hutoa darubini nzuri kwa wingi na kwa bei ambayo Porter asingeiamini. Kwa nini basi mtu ajichoshe kusugua kioo kwa majuma kadhaa, apate kile ambacho angenunua kwa siku moja? Ikiwa shabaha ni kupata chombo tu, hoja hii haina jibu. Mtu anunue. Lakini klabu ya Springfield haikuwahi kudai kwamba shabaha yake ni chombo. Aliyenunua darubini ana darubini; siku ikiharibika, hana. Aliyeitengeneza ana darubini, na juu yake anajua mwanga unavyokwenda, kosa linavyopimwa, na subira inavyofanya kazi. Zaidi ya hayo, anaweza kumfundisha mwingine. Kilichonunuliwa hugawanywa kikapungua. Kilichojulikana hugawanywa kikaongezeka.

KIWANDA KILIPOONDOKA

Ushahidi ulioahidiwa ni huu. Viwanda vya mashine vya Springfield, vilivyokuwa fahari ya bonde lile, vilianguka katika nusu ya pili ya karne ya 20. Ushindani wa nchi nyingine, mashine za aina mpya, na umiliki uliohamia kwa makampuni ya mbali viliwamaliza. Na miaka ya 1980 ilikuwa mibaya kuliko yote. Jones & Lamson haipo tena. Mafundi walitawanyika, na watoto wao wakatafuta riziki kwingine.

Kama klabu ya Breezy Hill ingekuwa kivuli cha kiwanda, nayo ingetoweka, kwani mti ukianguka kivuli hakibaki. Haikutoweka. Mwaka 1989, katika miaka ile ile ya huzuni, serikali ya Marekani iliitangaza Stellafane kuwa mahali pa kumbukumbu ya historia ya taifa, jumba lake la waridi pamoja na darubini ya kibanda. Na hilo si kaburi lililopambwa. Wanachama wameendelea kukutana, kuitunza ardhi yao, kuandaa mkutano wa kiangazi na kuwafundisha wageni kusaga vioo. Kampuni yenye mitaji, mameneja na maelfu ya mashine imekwisha; chama cha watu wenye ada ndogo, pipa na wembe kimebaki.

MASHARTI MATATU

Haifai kuuchukua mfano wa Springfield na kuupachika kokote kama stempu. Mji ule ulikuwa na mafundi wengi kuliko kawaida, na wakati wake ulikuwa wakati wake. Hata klabu yenyewe haikuwa kamilifu: mwanamke 1 kati ya watu 16 si hesabu ya kujivunia, na hesabu ya namna hiyo ilichukua muda mrefu kubadilika katika vyama vya aina hii. Hata hivyo kuna masharti matatu yaliyoifanya idumu, nayo hayategemei Vermont wala theluji.

Sharti la kwanza ni mwalimu anayejua kwa mikono yake. Porter hakuwaambia wanafunzi wake kwamba yasemekana kioo kinaweza kusagwa. Alikuwa amekwisha kusaga. Mwanafunzi humwamini mwalimu ambaye vidole vyake vina alama ya kazi anayoifundisha.

Sharti la pili ni kuanza na wachache na kuanza na kilichopo. Hawakungoja jumba, jumba lilikuja miaka minne baada ya darasa. Hawakungoja klabu iandikishwe. Klabu ilizaliwa na watu waliokwisha kufanya kazi pamoja. Ni vyama vingapi ambavyo huanza kwa katiba, mhuri na mgeni rasmi, vikaishia hapo hapo kwenye mhuri?

Sharti la tatu ni kugawa maarifa bila choyo. Wangeweza kuificha siri ya kioo na kuuza darubini. Badala yake waliandika namna ya kutengeneza, wakawaachia wote wasome. Kwa kufanya hivyo hawakupoteza kitu, bali walipata wenzao wa kuwatembelea kila kiangazi kwa karibu miaka 100.

Ndugu watumishi wa umma, mara nyingi ofisini husemwa kwamba fungu halikuja, na shuleni kwamba maabara haijajengwa. Maneno hayo aghalabu ni ya kweli, na anayestahili kuulizwa aulizwe. Lakini mwalimu aliye mbele ya darasa hana budi kujiuliza pia: kati ya yote yasiyowezekana mpaka vifaa vije, ni lipi linalowezekana leo kwa kioo, maji na wembe? Watoto wanaosoma chini ya anga lenye giza safi la vijijini wana utajiri ambao wakazi wa miji mikubwa yenye taa usiku kucha wameupoteza. Anga hilo halihitaji kuagizwa. Kilimia kingali kinachomoza kwa majira yake, na jicho lisilo na chombo chochote laweza kuzihesabu nyota zake sita, pengine saba.

Kuzihesabu ni mwanzo. Mtoto mmoja akishauliza kwa nini sita na si zaidi, mwalimu amepata darasa lake la kwanza.